Kutengeneza depo: tusafishe matundu ya hewa mbele ya kazi ao kisha kazi?



Kiangazi kinakaribia, na katika makutano mengi tunasikia habari moja: komite imepata feza kidogo, depo itatengenezwa. Wengine wanataka kubadilisha manjanja yaliyotoboka. Wengine wanataka kupakaa kuta simenti, ao kumwaga upya chini mahali palipopasuka. Kazi hizo ni nzuri. Lakini kila mara swali lilelile linarudi. Mama mmoja wa komite alituuliza waziwazi: "Sasa yale matundu ya hewa tuyafagie mbele masoni waanze, ao tungoje wamalize?"

Swali linaonekana dogo. Ni kazi ya siku mbili tu, fagio na ngazi. Lakini mkiifanya siku isiyofaa, mtailipia kwa magunia. Tunataka kulijibu vizuri, kwa sababu sisi wenyewe tulishawahi kulijibu vibaya.

KOSA TULILOLIONA, NA AMBALO LILIKUWA LETU PIA

Miaka michache iliyopita tulisaidia koperative moja kutengeneza depo yake ya mahindi na maharagi. Katika mpango wa kazi, mstari wa kwanza ulisema: "Kusafisha." Ni sisi tuliouandika. Tulifikiri kwamba mtu anafagia kwanza, kisha anaanza kazi. Basi siku ya salongo wanamemba walikuja, wakapanda ngazi, wakatoa viota vya ndege na mavi ya panya, wakasugua nyavu za matundu ya juu mpaka zikang'aa. Kila mtu alifurahi.

Juma lililofuata masoni walianza. Walipasua ukuta, walikata matofali, walichanganya simenti ndani ya depo kwa sababu nje upepo ulikuwa mkali. Vumbi lilipanda juu pamoja na hewa ya moto, na njia ya kutokea ni kwenye yale matundu. Likakwama kwenye nyavu. Kisha masoni wakamwagilia kuta maji, hewa ya ndani ikawa na unyevu mwingi, na lile vumbi la simenti likashika na kukauka sawa plasta. Kwa mtu aliyesimama chini hakuna kilichoonekana. Nyavu ziko pale, rangi mpya inang'aa. Mavuno yalikuwa yamefika, watu wanangoja mlangoni na magunia. Depo ikajazwa.

Kisha majuma machache, magunia ya juu yalikuwa na alama za maji. Si mvua, manjanja yalikuwa mapya. Ilikuwa unyevu wa kuta mpya na wa nafaka yenyewe. Ulikosa njia ya kutoka, ukashika chini ya manjanja yaliyopoa usiku, ukadondoka. Mahindi ya juu yakaanza kunuka na kuota kuvu. Mnunuzi alikataa sehemu ya stoki, na iliyobaki akaipunguzia bei.

Wanamemba hawakuuliza habari ya nyavu. Waliuliza: "Nani alikuwa anatunza mahindi yetu?" Mtunza depo ndiye aliyepata haya mbele ya watu, na yeye hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika mpango: usafi uliwekwa mwanzo, na hakuna mtu aliyeuweka mwisho.

MATUNDU YA HEWA YANAFANYA KAZI GANI

Depo nyingi za kwetu ziko na matundu ya aina mbili. Yale ya chini, karibu na sakafu, yanaingiza hewa baridi. Yale ya juu, chini ya manjanja, yanatoa hewa ya moto. Jua likipanda, hewa ya ndani inapata moto, inapanda, inatoka juu. Na ile ya nje inaingia chini kuchukua nafasi yake. Hakuna mashini, hakuna umeme. Ni njia tu. Ikizibwa upande mmoja, na upande wa pili unaacha kufanya kazi. Depo yenye matundu safi chini na matundu yaliyozibwa juu ni sawa depo isiyo na tundu hata moja.

Kwa nini hewa hiyo ni ya lazima? Kwa sababu nafaka ni kitu chenye uzima. Mbegu inapumua, na inapopumua inatoa joto na unyevu kidogo. Mahindi na maharagi yanatunzika vizuri yakiwa na unyevu wa asilimia 13 ao chini yake. Kahawa ya parche inaomba kati ya 10 na 12. Kakao inaomba karibu 7. Hewa ikibaki na unyevu ndani ya depo, nafaka inaunywa tena, hata kama ilikaushwa vizuri kwenye bashi. Hapo kuvu inaanza. Na kuvu fulani, hasa kwenye mahindi na karanga, zinatoa sumu inayoitwa aflatoksini. Sumu hiyo inaumiza maini, na kupika hakuiondoi. Kwa hiyo si habari ya bei tu. Magunia yanayokataliwa na mnunuzi, mara nyingi ni sisi na watoto wetu tunayakula.

Kumbukeni pia: kazi ya kutengeneza inaleta maji mengi ndani ya nyumba. Ukuta mpya wa simenti na sakafu mpya vinatoa unyevu kwa majuma. Ndiyo kusema, wakati ambao depo inahitaji matundu zaidi ni uleule ambao vumbi la kazi limeyaziba.

JIBU LETU: MARA TATU, NA ILE KUBWA NI YA MWISHO

Jibu la swali la yule mama ni hili: mbele ya kazi mnaangalia na kutoa uchafu wa wanyama. Wakati wa kazi mnafunika. Kisha kazi ndipo mnasafisha kabisa. Mkiwa na nguvu ya salongo moja tu, muitunze kwa ajili ya mwisho.

1. Mbele ya kazi: kuangalia na kutoa viota

Juma moja mbele masoni wafike, watu wawili ao watatu wapande ngazi na kaye mkononi. Wahesabu matundu yote, ya chini na ya juu. Kwa kila tundu waandike: liko wazi, limezibwa nusu, limezibwa kabisa, wavu uko mzima ao umetoboka. Wavu wa kuzuia panya uwe na vitundu visivyopita milimita 6, kwa sababu panya mdogo anapita penye nafasi ndogo sana.

Hapo mtatoa viota na mavi ya panya na ya popo. Kwa nini sasa, si mwisho? Kwa sababu masoni wakianza kupiga nyundo, uchafu ule mkavu utaanguka juu ya vichwa vyao na watauvuta puani. Lakini msipoteze siku kwa kusugua nyavu. Zitachafuka tena.

Kaye hiyo ina faida ya pili. Mkikuta nyavu zimekufa ao tundu limejengwa vibaya, masoni ataingiza hiyo kazi katika bei yake. Mkigundua kisha yeye kuondoka, mtalipa mara mbili.

2. Wakati wa kazi: kufunika

Matundu ambayo hayaguswi na kazi myafunike kwa vipande vya bashi ao magunia ya zamani, muyafunge kwa kamba upande wa ndani. Masoni wachanganye simenti na kukata matofali nje, upande ambao upepo unapeleka vumbi mbali na depo. Kama kazi ni ya upande mmoja tu wa depo, mtundike bashi kutoka juu mpaka chini kugawanya nyumba.

Lakini hapa kuna mtego. Kufunika ni kwa saa za vumbi tu. Wale wanaofanya kazi ndani wanahitaji hewa, kwa hiyo mlango na angalau matundu ya upande mmoja yabaki wazi. Na siku ya mwisho ya vumbi, bashi zote zitoke, kwa sababu kuta zinahitaji kukauka. Mhesabu bashi mlizoweka na zile mlizotoa. Bashi iliyosahauliwa nyuma ya boriti inaziba tundu kuliko vumbi.

3. Kisha kazi: usafi mkubwa

Huu ndio usafi wenyewe. Usifanywe siku masoni anamaliza. Ungoje vitu viwili: ukuta ukauke, na vumbi litue. Mkifagia siku ileile, vumbi laini linaruka na kurudi pale mlipotoka kufagia.

Mwanzie juu, mshuke chini: kwanza boriti na upande wa ndani wa manjanja, kisha matundu ya juu, kisha kuta, kisha matundu ya chini, mwisho sakafu. Nyavu zinazotoka, mzitoe na kuzipigia nje, mkisimama upande upepo unakotoka. Zile zisizotoka, msugue kwa burashi pande zote mbili, wa ndani na wa nje.

SIKU NGAPI ZA KUNGOJA?

Hapa ndipo komite nyingi zinakosea, kwa sababu zinaanza kuhesabu kutoka siku feza zinafika. Anzeni kuhesabu kutoka siku mavuno yanafika, mrudi nyuma.

Simenti inaomba muda wake. Siku 7 za kwanza inamwagiliwa maji ili isipasuke. Kwa kawaida inahesabiwa siku 28 mpaka ipate nguvu yake. Katika siku hizo depo iwe tupu, milango na matundu yawe wazi mchana, mfunge wakati wa mvua na usiku wenye ukungu.

Tuchukue mfano wa depo ya Kivu ambayo iliuza stoki yake na itakuwa tupu mwanzo wa mwezi wa 8:

– Mwisho wa mwezi wa 7: kuangalia, kaye, kutoa viota.
– Tarehe 1 mpaka 21 mwezi wa 8: kazi ya masoni, matundu yanafunikwa saa za vumbi.
– Tarehe 22 mpaka 28 mwezi wa 8: kumwagilia simenti maji. Bashi zote zimeshatoka.
– Tarehe 29 mwezi wa 8 mpaka 18 mwezi wa 9: kukausha.
– Tarehe 19 mwezi wa 9: kujaribu kama imekauka.
– Siku mbili ao tatu zinazofuata: usafi mkubwa.
– Mbele ya mavuno ya msimu A, kuelekea mwezi wa 12: kuangalia tena na kupangusa kidogo, siku moja inatosha.

Mkiona, mfano huu unatumia kiangazi, mbele mvua za mwezi wa 9 hazijashika nguvu. Ukianza kazi hiyohiyo mwezi wa 10, siku za kukauka zinaongezeka sana, na mavuno ya mwezi wa 12 yanaweza kukukuta na ukuta wenye maji. Kule Beni na Ituri, karibu na ikweta, mvua haifuati kalenda ya Kivu ya kusini. Wao watabadilisha miezi, lakini hesabu ni ileile.

Kujaribu kama sakafu imekauka ni rahisi. Chukueni kipande cha shitingi cha upana wa metre moja, mkilaze juu ya simenti, mzibe kingo zote kwa utepe wa gundi ili hewa isipite. Mkiache usiku na mchana mmoja. Mkifunua na kukuta matone chini yake, ao simenti imekuwa nyeusi kuliko pembeni, bado. Mngoje juma moja, mjaribu tena.

Na kama mavuno yanafika mbele ukuta haujakauka? Hilo ndilo jaribu la kweli la komite. Watu wako mlangoni, wamebeba magunia kichwani tangu kijijini, na presida anaona haya kuwarudisha. Tunawaambia kwa moyo wote: afadhali haya ya siku moja. Waombeni wanamemba watunze nafaka yao nyumbani kwa majuma matatu, ao mkodi chumba kikavu. Na mseme mapema, katika mkutano, si pale mlangoni. Mtu aliyeambiwa mwezi mmoja mbele anakubali; mtu anayeambiwa akiwa na gunia kichwani anakasirika, na ana haki.

Kama depo haiwezi kuwa tupu hata kidogo, msipake ukuta simenti mwaka huo. Mtengeneze manjanja tu, nusu kwa nusu, mkisogeza magunia upande wa pili na kuyafunika kwa bashi mchana wa vumbi. Jioni bashi itoke, kwa sababu inafungia unyevu juu ya magunia.

NAMNA YA KUSAFISHA BILA KUJIUMIZA

Kuna uchafu wa aina mbili, na kila mmoja uko na sheria yake. Watu wengi wanachanganya.

Mavi ya panya na ya popo: usifagie makavu hata siku moja. Vumbi lake linabeba magonjwa yanayoingia kwa kupumua, na sisi watu wa mashariki tunajua pia kwamba Ituri bado iko na tauni, ugonjwa unaopita kwa viroboto vya panya. Fungueni milango nusu saa. Nyunyizieni maji ya javeli, kipimo 1 cha javeli kwa vipimo 9 vya maji, mngoje dakika 5, kisha mkusanye kwa kitambaa ao koleo, mfukie mbali na kisima. Javeli isichanganywe na dawa nyingine. Popo ao panya aliyekufa asiguswe kwa mikono mitupu.

Vumbi la simenti: hapa maji mengi ndiyo adui. Mkimwaga ndoo ya maji juu ya vumbi la simenti lililo ndani ya tundu, linashika na kuwa jiwe. Pangusa kwa kitambaa kilicholoanishwa na kukamuliwa, mkikisafisha mara kwa mara ndani ya ndoo. Sakafuni, mnyunyize maji kidogo tu ili vumbi lisiruke, mfagie palepale, mtoe nje. Lile lililokwisha kushika linakwanguliwa kwa burashi ya chuma.

Vumbi la simenti na la mchanga linaunguza macho na kuharibu mapafu polepole. Anayefagia siku moja hataona kitu. Anayefagia kila mwaka ataona. Tena mara nyingi tunaona wanaume wamepanda kupigilia manjanja, na wamama wameachiwa vumbi, na kipande cha kikwembe tu puani. Kashene za vumbi zinazoshika vizuri pua na mashavu ziingizwe katika bajeti ya kazi, pamoja na gla na miwani ya fundi kwa anayesafisha juu. Watoto, wamama wenye mimba na watu wenye pumu wasiwe ndani siku hiyo.

Kitu kimoja cha kuangalia sana: nyumba za wakati wa ukoloni ambazo ziko na manjanja ya simenti, yale ya kijivu yenye mawimbi, si ya chuma. Mengi ya hayo yalichanganywa na nyuzi za asbesto. Vumbi lake likiingia ndani ya mapafu linaleta kansa kisha miaka mingi. Msiyakate, msiyavunje, msiyasugue kwa burashi. Kama depo yenu iko na manjanja hayo, mtuite mbele ya kugusa kitu.

KAMA MUKO NA NYUMBA YA KUKAUSHIA YENYE MOTO

Koperative fulani za kakao na za mboga ziko na nyumba ya kukaushia ambamo moto unawaka chini, moshi unapita ndani ya bomba na kutoka nje, na joto la bomba ndilo linakausha. Bomba lile linakusanya masizi. Likiziba, moshi unatafuta njia nyingine, unaingia kwenye kakao. Kakao iko na mafuta mengi, inashika harufu haraka, na harufu ya moshi haitoki tena.

Hapa pia sheria ni ileile: bomba linasuguliwa kisha matengenezo kumalizika, si mbele. Lakini liko na jaribio lake. Mbele ya kuweka mavuno, washeni moto mdogo na majani mabichi ili utoe moshi mwingi, nyumba ikiwa tupu. Mtu mmoja aingie kwa dakika moja na kuangalia viungo vyote vya bomba, mwingine akisimama mlangoni. Mahali moshi unatoka, mpazibe kabla ya kitu chochote. Na kama kuta zilipakwa rangi ya mafuta, muwashe moto mtupu siku kadhaa mpaka harufu iishe. Kwa nyumba ya kutunzia ao kukaushia chakula, chokaa ni bora kuliko rangi ya mafuta.

NA NYUMBANI JE?

Wengi wetu tunatunza mbegu na maharagi nyumbani, na nyumba nayo inatengenezwa kiangazi. Hesabu haibadiliki. Ukipaka ukuta wa chumba cha kulala ao ukibadilisha manjanja ya jikoni, usisafishe matundu ya moshi mbele. Yaangalie, yafunike, kisha uyasafishe mwisho. Jikoni uko na jambo moja zaidi: masoni wengi, wakimaliza ukuta, wanaziba tundu la moshi kwa sababu linaonekana baya juu ya kazi mpya. Usikubali. Mama anayepika humo na mtoto aliye mgongoni ndio watakaovuta ule moshi. Na mbegu za kupanda zitoke ndani ya nyumba kabla ya kazi, ziende kwa jirani.

MANENO YA KUANDIKA KATIKA MAPATANO NA FUNDI

Tumeona kwamba kile kisichoandikwa hakifanywi. Muongeze mistari hii minne:

1. Simenti inachanganywa na matofali yanakatwa nje.
2. Fundi hazibi tundu lolote la hewa bila komite kuandika kwamba inakubali.
3. Fundi anatoa mabaki ya matofali, simenti na mbao mbele ya siku yake ya mwisho.
4. Sehemu ya mwisho ya malipo inatolewa kisha komite kupanda ngazi na kuangalia kila tundu, kaye mkononi.

Huo mstari wa nne ndio unaobeba mingine yote. Mambo hayaangaliwi kutoka chini.

KUJARIBU MBELE YA GUNIA LA KWANZA

Usafi ukiisha, mfanye jaribio moja la mwisho. Mchague siku ya jua isiyo na upepo, kuelekea saa 8 ya mchana. Fungeni mlango, mfungue matundu yote. Mtu ashike kipande chembamba cha karatasi mbele ya tundu la chini: karatasi iinamie ndani. Apande juu, afanye vilevile: karatasi iinamie nje. Mkiona hivyo, depo inapumua. Karatasi ikisimama tu, kuna tundu mlilolisahau. Mrudi kwenye kaye na kuhesabu.

Kisha paleti ziwekwe, magunia yaache nafasi ya metre moja kutoka ukutani, yasifike kwenye matundu ya juu. Na kila mwanamemba anayeleta nafaka apimiwe kwa chupa: chumvi kavu kidogo na nafaka ndani ya chupa kavu, mtikise kwa dakika chache, muache itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, nafaka bado iko na maji mengi, irudi kwenye jua. Matundu safi hayawezi kukausha gunia lililoletwa likiwa bichi.

Ile koperative tuliyoitaja mwanzo bado inafanya kazi. Mwaka uliofuata walikwangua zile nyavu moja moja kwa burashi ya chuma, kazi ya siku nne badala ya mbili. Sasa ukiingia kwenye biro yao utaona karatasi imebandikwa ukutani, imeandikwa kwa mkono: "Usafi ni mwisho. Kisha usafi, tunapanda tena kuangalia." Nasi katika mipango yetu tumehamisha ule mstari wa kwanza, tumeuweka chini kabisa.

Katika mkutano wenu unaokuja, tunawaomba mfanye mambo mawili tu. Mwandike tarehe mnayongojea mavuno. Kisha mrudi nyuma, siku kwa siku, mpaka mjue masoni anapaswa kuanza lini. Kama tarehe hiyo imekwisha kupita, mwaka huu mtengeneze kidogo, na mengine muyaache kwa kiangazi kinachokuja. Mumletee animateri wenu ile kaye ya matundu anapopita. Ataiangalia pamoja nanyi, juu ya ngazi.